Chumba cha 36 Kiko Nje ya Hekalu

Muulize msee yeyote aliyekulia kwenye video za mtaani anakumbuka nini kuhusu The 36th Chamber of Shaolin. Atakuambia ndoo. Kijana amenyoosha mikono, kila mkono umebeba ndoo ya maji, na visu vimefungwa juu ya viwiko, ncha zikielekea mbavuni. Akichoka na kushusha mikono, anajidunga mwenyewe. Kule kwetu Machakos tuliijaribu na mitungi ya mafuta ya kupikia ya lita tano, bila visu, na hakuna aliyefika hata kwa geti.

Ndoo ni tamu, sikatai. Lakini mwaka huu nimeirudia hii filamu mara kadhaa, na kila nikiirudia naona kwamba sehemu yenye uzito ni ile watu wengi huamka kwenda kununua smokie. Iko karibu na mwisho, baada ya mazoezi kwisha na kabla ya kisasi kuanza. Watu wanaongea tu. Hakuna ngumi. Na ndani ya hayo maongezi kuna wazo kuhusu walimu ambalo sijalikuta kwenye filamu nyingine yoyote ya aina hii.

Hadithi yenyewe ni hivi. Lau Kar-leung aliiongoza, na kampuni ya Shaw Brothers ikaitoa Hong Kong mwaka wa 1978. Mwanafunzi mmoja anavutwa na mwalimu wake wa darasani kwenye siasa dhidi ya watawala Wamanchu. Shule inavunjwa, watu wake wanauawa, naye anatoroka akiwa na majeraha hadi hekalu la Shaolin, amefichwa kwenye mkokoteni wa mboga. Kwa ufupi, ni mtu aliyeachia masomo njiani. Hapo nilikaa vizuri kwa kiti, maana hata mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, ingawa mimi sikufukuzwa na jeshi, nilifukuzwa na karo.

Hekaluni anapewa jina jipya, San Te, na kwanza anapewa ufagio. Akishaanza kufunzwa anaambiwa kuna vyumba 35. Kwa kiburi cha ujana anataka kuanzia kile cha juu kabisa. Anaingia, anawakuta wazee wamekaa wakisoma maandiko, na anaangushwa chini bila hata kuguswa. Anashuka hadi chumba cha mwisho kabisa, ambacho kazi yake ni moja: kuvuka dimbwi kwa kukanyaga magogo yanayoelea ili ufike kwa chakula. Ukianguka, unakula ukiwa umelowa, ama hauli. Miaka inapita. Chumba cha mikono, cha macho, cha kichwa. Anavimaliza vyote.

Sasa anaambiwa achague chumba kimoja akisimamie. Mtawa mmoja mkubwa hakubali. Anadai San Te amshinde kwanza. San Te anashindwa, anarudi, anashindwa tena, mpaka anabuni silaha yake mwenyewe, fimbo ya vipande vitatu, na kwa hiyo anashinda. Kiongozi wa hekalu anamwuliza: haya, unataka chumba gani? San Te anasema anataka ambacho hakipo. Anataka cha 36, cha kuwafunza watu wa kawaida huko nje, wale wanaopigwa na askari kila siku. Wazee wanakasirika. Kiongozi anatoa hukumu: San Te atoke hekaluni akaombe sadaka, kama adhabu. Mwenye macho anaona kwamba hiyo adhabu ni zawadi. Amefunguliwa mlango, na hakuna mtu wa hekalu aliyelazimika kukiri kwamba umefunguliwa.

Kwa hiyo filamu inauliza swali ambalo sisi vijana tunalikwepa: mtu anamheshimu vipi aliyemtangulia? Na inalijibu kwa vitendo viwili vinavyoonekana kupingana. Kwanza, pita vyumba vyote 35, bila kuruka hata kimoja. Pili, fungua kimoja ambacho mwalimu wako hakuwa nacho. Ukifanya la kwanza peke yake, wewe ni mlinzi wa jengo. Ukifanya la pili peke yake, wewe ni mtu wa maneno mengi mwenye akaunti ya TikTok.

Jibu hili halikutoka hewani. Lau Kar-leung alifunzwa kung fu na baba yake, Lau Cham. Lau Cham alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing. Lam Sai-wing alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, yule ambaye Jackie Chan anamwigiza kwenye Drunken Master, filamu iliyotoka mwaka huohuo wa 1978. Yaani mtu aliyeshika kamera alikuwa kizazi cha nne kutoka kwa jina ambalo wengine walilijua kama hekaya tu. Na Gordon Liu, aliyeigiza San Te, hakuzaliwa na jina la Liu. Alifunzwa katika shule ya Lau Cham, akawa kama mtoto wa nyumbani, akalichukua jina la ukoo wa mwalimu. Lau na Liu ni jina lilelile, matamshi tu yanatofautiana. Kwa hiyo unapomwona San Te akipiga magoti mbele ya wazee wa Shaolin, unamtazama mwanafunzi wa kweli wa Lau Cham akiongozwa na mtoto wa kweli wa Lau Cham. Ndiyo maana mazoezi yanachukua muda mrefu kuliko kisasi. Waliotengeneza filamu hii walijua kazi iko wapi.

Na mnyororo haukukatikia Hong Kong. Mwaka wa 1993 vijana weusi wa New York, Wu-Tang Clan, walitoa albamu yao ya kwanza na kuitia jina la vyumba hivyo 36. Hawakuwa wamekanyaga Shaolin. Walikuwa wameziona hizi filamu kwenye kumbi za bei rahisi, kama sisi. Lakini walitaja walipotoa. Jina liko kwenye jalada.

Sasa linganisha na filamu nyingi tulizolelewa nazo. Hesabu yake ni rahisi: mwalimu anauawa dakika ya ishirini, mwanafunzi analia mvua ikinyesha, halafu tunapata saa moja ya kuvunja mifupa. Mwalimu hapo ni kama kiberiti. Kazi yake ni kuwasha moto na kutupwa. Hatujui alifunzwa na nani, alikuwa na shida gani, alikula nini. Kumheshimu maana yake ni kumlipizia tu.

Wasimuliaji wetu walisaidia na wakaharibu kidogo. Nampenda DJ Afro. Bila yeye nusu ya rika langu hatungekaa tukamaliza filamu ya Kikantoni, na ninaamini kuna watu waliojifunza kusimulia kwa Kiswahili kutoka kwake kuliko kutoka kwa vitabu teule vya fasihi. Naye yuko kwenye ukoo wa kazi: Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Emmie na wenzake, watu waliochukua filamu ya mbali wakaivalisha nguo za nyumbani. Lakini angalia usimulizi huu unavyogawa majina. Shujaa anapata jina la mtaani, adui anaitwa kwa jina la kutuchekesha, dereva anapata jina. Mwalimu mwenye ndevu anabaki "mzee". Anakohoa, tunacheka, anakufa. Usimulizi unaoweza kumpa kila mtu jina unamnyima yule mmoja ambaye bila yeye hakuna hadithi.

Kuna upande wa pili wa hilo kosa: jina kubaki na mtu kupotea. Mfano wake ni Miyagi. Hapa mjini, mtoto wa darasa la tano anamjua Miyagi. Ni mzee wa The Karate Kid, filamu ya 1984, anayemfanya kijana apanguse magari mpaka mikono ijifunze kukinga ngumi bila kichwa kujua. Cobra Kai imemrudisha tena kwa kizazi cha simu. Mwandishi wa filamu, Robert Mark Kamen, alikuwa amefanya karate ya Goju-ryu, na jina alilichukua kwa Chojun Miyagi, aliyeanzisha mtindo huo kule Okinawa.

Chojun Miyagi alizaliwa 1888 na kufa 1953. Alifunzwa na Kanryo Higaonna, ambaye naye alikuwa amevuka bahari kwenda Uchina kujifunza. Mwanafunzi wake Jin'an Shinzato, ambaye wengi walimwona kama mrithi, alikufa mwaka wa 1945 vita vilipoichoma Okinawa. Baada ya vita Miyagi akaanza tena kufundisha, kwenye kisiwa kilichobaki majivu. Hebu fikiria hiyo hadithi. Mtu anazika mrithi wake, halafu anawaita wavulana wapya waje kesho asubuhi. Hakuna gari la kupanguswa hapo. Mimi The Karate Kid naipenda, na Pat Morita aliigiza vizuri sana. Lakini iliokoa jina na kutupa maisha, na maisha ndiyo yalikuwa na funzo kubwa.

Nasema haya yote kwa sababu ya ukuta mmoja hapa Machakos. Kuna ukumbi wa kukodi ninaoujua, wa mabati, kiti cha plastiki mlangoni, ambapo watoto na mafundi wa magari hufanya karate jioni mara tatu kwa wiki. Ukutani kuna picha moja, ya Gichin Funakoshi. Kila mtu akiingia anainama. Akitoka anainama. Ni tabia nzuri, inatuliza hata mtu aliyetoka kugombana na kondakta.

Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Okinawa. Mwaka wa 1922 alienda Tokyo kuonyesha karate, akabaki huko. Hakuwa na pesa. Aliishi kwenye bweni la wanafunzi, akafagia na kufanya kazi ndogondogo huku akifundisha. Shotokan, jina linalotajwa kwenye fulana nyingi za karate hapa Kenya, limetokana na Shoto, jina alilotumia kuandikia mashairi. Na jambo ninalolipenda zaidi: katika kitabu cha maisha yake anarudi kila mara kwa walimu wake wawili, Azato na Itosu. Anaeleza jinsi alivyotembea usiku kwenda nyumbani kwa Azato kufunzwa, nani alimwambia nini, nani alikuwa mkali, nani alikuwa mpole. Mtu tunayeinamia picha yake alitumia kalamu yake kuandika waliomtangulia.

Sasa rudi kwa ule ukuta. Kutoka Okinawa hadi Tokyo mnyororo una majina. Kutoka Tokyo unaruka hewani, unatua Machakos kwa huyu mwalimu wa sasa, ambaye watoto wanamwita Sensei. Katikati hapo kuna watu. Kuna aliyemfunza yeye, na aliyemfunza huyo, watu waliobeba magodoro wakiyafanya mikeka, waliotembea kwa mguu kwa sababu nauli ilikuwa imeisha. Ukimwuliza Sensei anawataja, tena kwa furaha, na hadithi zake ni nzuri kuliko filamu. Lakini hakuna picha, hakuna karatasi, na mtoto wa mkanda wa manjano hajawahi kuwasikia. Anamwinamia Mjapani aliyekufa 1957 na hamjui Mkenya aliyemfanya mwalimu wake kuwa mwalimu.

Siyo lazima iwe hivi. Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, Mmarekani mweusi aliyeitwa Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha Goju-ryu, karate ileile ya Chojun Miyagi. Ulikuwa wakati wake hasa. Weusi wengi wa Marekani walikuwa wakiiangalia Tanzania ya Nyerere kama nyumbani, na mwezi wa Juni 1974 Kongamano la Sita la Pan-Afrika lilifanyika mjini humohumo. Mtu kama huyo hakuleta mateke tu, alileta pia wazo kwamba mwili wa mtu mweusi ni wa kulindwa na mwenyewe. Wanafunzi wake bado wanamtaja kwa jina, na wanafunzi wa wanafunzi wake pia, wakiwemo walioondoka Tanzania zamani. Ukisikia mmoja wao akijitambulisha, anaanza na Bomani ndipo afike kwake mwenyewe. Wanautaja mnyororo wote, na kipande cha Afrika kimo.

Hata sisi Machakos tunaweza, maana tumeshafanya kwa ufundi mwingine. Nenda Wamunyu uulize nani alianza uchongaji. Watakuambia Mutisya Munge. Alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona wachongaji wa huko, akarudi na ujuzi mikononi. Angeweza kuuficha na kuuza peke yake. Alifunza watu wake, wakafunza majirani, na leo twiga na vifaru vya mbao kwenye maduka ya watalii kutoka Nairobi hadi Mombasa vina ukoo unaorudi kwenye hicho kijiji. Huyo ni San Te wetu, na chumba chake cha 36 kilikuwa chini ya mti. Wachongaji wa Tanganyika waliomfunza hawatajwi, hapo hadithi yetu ina tundu. Lakini angalau kiungo cha nyumbani kina jina, na wachongaji wa leo wanaringa nalo.

Sasa kuna kitu lazima tukiongelee, maana neno "heshima" Kenya huwa linatumika kufunga watu mdomo. Kuna filamu inayoitwa Painted Faces, ya 1988, iliyoongozwa na Alex Law. Inahusu shule ya opera ya Kichina iliyokuwa Hong Kong, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen. Walitoka hapo Jackie Chan, Sammo Hung, Yuen Biao, Yuen Wah na Corey Yuen. Wengi walichukua neno Yuen kutoka kwa jina la mwalimu na kulifanya jina lao la kazi, sawa tu na Gordon Liu. Na mwalimu huyo kwenye filamu anaigizwa na Sammo Hung mwenyewe, mwanafunzi akivaa uso wa aliyemlea.

Ni filamu nzuri, na uigizaji wa Sammo una huzuni inayokaa nawe. Tunaona sanaa ya mwalimu ikipoteza watazamaji, watoto wake wakienda kuanguka kutoka ghorofani kwa ajili ya sinema, na yeye akibaki na jukwaa tupu. Lakini iweke kando ya kitabu cha maisha cha Jackie Chan, I Am Jackie Chan, kilichotoka 1998. Humo Jackie anaeleza mkataba wa miaka kumi, njaa, na kipigo cha fimbo, wakati mwingine darasa zima likipigwa kwa kosa la mmoja. Filamu ina viboko pia, lakini imevifunika kwa mwanga wa dhahabu na muziki wa kukumbuka utotoni. Inataka tumsamehe mwalimu kabla hatujaona vizuri alichofanya.

Hapo ndipo mimi na Painted Faces tunaachana. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka wa 2001, na bado kuna mtu kwenye kila harusi atasimama aseme, "Bila ile fimbo ya mwalimu fulani nisingekuwa hapa." Watu wanapiga makofi. Mimi huwa najiuliza kuhusu wale ambao hawako kwenye harusi. Kwenye shule ya Yu Jim-yuen walipita watoto wengi, na tunaowajua ni wachache waliong'ara. Mshindi akisema fimbo ilimsaidia, amezungumza kwa niaba yake tu.

Lakini pia sikubaliani na wale wanaotaka jina lifutwe. Jackie Chan na Sammo Hung hawakufuta. Walibeba jina la mwalimu, wakamsifu, na Jackie akaandika kipigo kwenye kitabu kilekile. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Ukimfanya mwalimu malaika, umemwua mara ya pili, kwa sababu malaika hana jasho na hatuna cha kujifunza kwake. Ukimfuta, utakuja kurudia makosa yake ukidhani ni yako ya kwanza. Kumwandika mzima, na ujuzi wake na mkono wake mzito, ni heshima inayomsaidia mtoto anayeingia ukumbini leo. Mtoto huyo anastahili ujuzi bila fimbo. Hatapata kama hatusemi fimbo ilikuwepo.

The 36th Chamber nayo ina upofu wake. Wanawake karibu hawamo. Hekalu ni la wanaume, mateso ni ya wanaume, na hata chumba kipya cha San Te, kile cha "watu wote", kinajaa wavulana. Ukali wa Shaolin kwenye filamu una haki kila wakati: kila chumba kina sababu, kila maumivu yanalipa. Maisha hayako hivyo. Kuna walimu wanaokubebesha ndoo kwa sababu wao wenyewe walibebeshwa, basi.

Na kuna pingamizi ambalo nimelisikia kwa watu wa karate wenyewe, nalo si la kupuuzwa. Wanasema mlango ukifunguliwa sana, kitu kinaisha. Leo kuna mikanda myeusi inayouzwa kama kadi za simu. Mtu anafunza watoto baada ya kozi ya miezi mitatu na video za YouTube. Akivunja goti la mtoto, hakuna wa kumwuliza. Nawaelewa. Ndiyo maana narudi kwenye mpangilio wa filamu: 35 kwanza. San Te hakudai haki ya kufundisha siku aliyofika na majeraha yake. Mimi niliyeacha chuo najua ladha ya kutaka kuruka vyumba. Huku kuandika pia kuna dimbwi na magogo, na ukianguka unalala umelowa. Lakini pingamizi hilo ni la kumlinda mwanafunzi, kwa hiyo lisitumike kumlinda mwenye hekalu asiulizwe kwa nini mlango umefungwa.

Mfano wa mlango uliofunguliwa vizuri uko karibu. Kule Korogocho, Nairobi, kuna kundi linaitwa Shosho Jikinge. Ni wanawake wazee, wengine wamepita miaka themanini, wanaojifunza kujilinda kwa sababu wazee kama wao walikuwa wakibakwa na vijana. Ukiangalia picha zao za mazoezi, shosho amevaa sketi ndefu na kitambaa kichwani, anapiga mto kwa kiganja huku akipiga kelele ya "Hapana!" Mwenzake ameshika ule mto. Anayewaelekeza ni shosho pia.

Ukimwonyesha mtu wa hekalu hizo picha atasema hiyo siyo sanaa. Mateke yako chini, hakuna kata, hakuna mkanda. Kiufundi yuko sawa. Lakini tazama kilichobaki baada ya kupunguza kila kitu: kiganja kinachoenda puani, kinena kinachotafutwa, sauti kutoka tumboni. Hayo siyo mapya. Yalitembea kutoka Uchina hadi Okinawa, kutoka Okinawa hadi Tokyo, yakavuka bahari na mtu ambaye hatukuandika jina lake, yakapita kwenye kumbi za kukodi, yakafika kwa mwanamke ambaye magoti yanamuuma na mlango wake hauna kitasa kizuri. San Te aliwataka hasa watu kama hao. Filamu haikuweza kuwawazia.

Kwa hiyo ningependa filamu ya pili, na ningependa iandikwe na mtu wa huku. Isianze na mwalimu kuuawa. Ianze naye akifungua kufuli ya ukumbi wa mabati saa kumi na moja jioni, akipanga mikeka, akihesabu waliokuja. Wasimuliaji wampe jina. Na pale ukutani kando ya Funakoshi kuwe na misumari mitatu minne ya ziada, picha zake ziwe za watu wa hapa, hata kama ni za kitambulisho zilizokuzwa hadi zikachafuka. Mtoto wa mkanda wa manjano akiingia ainame mara moja kwa wote. Halafu aulize huyu wa tatu ni nani, na Sensei akae kwa kile kiti cha plastiki amwambie, pamoja na yale mabaya.